Dawa ya petroli kwa pikipiki inayolala miezi

Pikipiki zinazonifikia siku hizi haziji kutengenezwa tu. Kuna zile zinazoletwa kulala. Mwenyewe amepata kazi ya uuguzi Uingereza, au amepata mkataba Qatar, au ni mzungu aliyepanda na pikipiki yake kutoka Cape Town, pesa zikamwishia hapa, sasa anarudi kwao kufanya kazi ili mwakani aje amalizie safari. Gereji yangu iko upande wa Dagoretti Corner, hapa Nairobi. Nyuma yake kuna kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji, na hicho kibanda kimenifundisha mambo ya petroli kuliko injini zote nilizofungua pale mbele.

Kila anayeleta huja na maagizo yake. Zamani yalikuwa mafupi: "Fundi, uwe unaiwasha kila wiki." Siku hizi wameangalia video. Wanakuja na jina la chupa limeandikwa kwenye simu. "Mzee, utie stabilaiza, nimeona ni lazima." Hiyo ni dawa ya kuzuia petroli isiharibike ikikaa. Video zenyewe zimetengenezwa Canada, Minnesota, Ujerumani, na anayeongea amevaa sweta nzito, theluji imerundikana nje ya dirisha. Huko kulaza pikipiki ni desturi ya kila mwaka. Barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi inakula chuma, na hakuna anayetaka kuteleza kwenye barafu kwa magurudumu mawili. Basi kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili pikipiki inafunikwa, betri inatolewa, na siku ya mwisho tangi linatiwa dawa.

Sisi hatuna baridi hiyo. Julai, asubuhi ya Nairobi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11, vijana wa boda wanavaa makoti mawili ya Gikomba, lakini hakuna kinachoganda. Ndiyo maana wateja wengine, wazee hasa, huniuliza swali la haki kabisa: dawa ya watu wa theluji inatuhusu nini sisi? Jibu langu ni kwamba kinachoharibu petroli ni hewa, joto na muda, na vyote vitatu tunavyo. Baridi, kusema kweli, huifanya petroli ikae zaidi. Wale wa Canada wanalaza pikipiki mahali penye ubaridi kwa miezi minne au mitano. Mimi ninazilaza chini ya mabati yanayochemka saa saba mchana, na mwenyewe akisema anaenda mwaka mmoja, mimi huhesabu miwili.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowezesha injini baridi kuwaka, na ndivyo vinavyotoroka kwanza. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo vinatoroka kirahisi zaidi kuliko Mombasa kwenye joto la namna moja. Vinavyobaki vinakutana na oksijeni, vinashikana, vinageuka kuwa gundi. Ndani ya tangi lililojaa kazi hiyo inaenda polepole kwa miezi. Ndani ya bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, kuna vijiko vichache tu vya petroli na tundu la kupumulia, inaenda haraka sana.

Tofauti ya kutia dawa na kutotia niliiona vizuri kwa pikipiki mbili aina ya Boxer. Moja ilikuwa ya mwalimu aliyekwenda kusoma nje, akailaza kwangu na dawa ndani. Ya pili ilikuwa ya kijana wa boda aliyekwenda Ghuba. Yeye nilimwambia habari za chupa akacheka. "Mzee, petroli ni petroli. Hiyo pesa wacha nimwachie mama." Akaiegesha Kangemi, chini ya ngazi za ploti yao, tangi nusu, koki ya petroli wazi. Aliporudi zaidi ya mwaka baadaye, akaisukuma mpaka kwangu kwa mguu, maana haikuwa ikitoa hata dalili.

Nilipofungua kifuniko cha tangi, ile harufu kali ya petroli haikuwepo. Badala yake kulikuwa na harufu chungu, ya rangi ya kupaka mbao iliyokaa. Nikachota kidogo kwenye chupa ya glasi nikainua kwenye mwanga: imekuwa ya manjano iliyoiva, karibu na kahawia. Kisha kabureta. Skrubu nne za bakuli zikatoka kwa shida, na bakuli lenyewe likang'ang'ania gasketi. Ndani, chini kabisa, palikuwa na utando wa rangi ya sukari guru iliyoungua, umeshika kwenye pembe na kupanda hadi pale petroli ilipokuwa imefika. Boya lilikuwa limegandia pini yake. Juu ya shaba ya jeti, vile vipande vyenye kitundu cha kupitishia petroli, kulikuwa na ukungu wa kijani. Nikatoa ile jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa imetulia bila akseleta, nikaielekeza juani. Kwa kawaida unaona kitone cha mwanga katikati. Hakikuwepo. Tundu la jeti hiyo halifiki hata nusu milimita, kwa hiyo gundi haihitaji kuwa nyingi.

Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Pikipiki yenye jeti ndogo iliyoziba inaweza kuwaka ukivuta choki, na ukirudisha choki inazima. Mtu ananunua plagi, ananunua koili, anabadilisha kabureta nzima kwa ile ya bei rahisi isiyolingana na injini yake, na shida ilikuwa kitundu kimoja. Na tafadhali, usikichokoe kwa uzi wa kebo ya klachi. Ule ni chuma kigumu, unapanua tundu, na ukishalipanua umenunua jeti mpya. Mimi hutumia unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, maana ni laini kuliko jeti yenyewe, baada ya kuilowesha kwenye dawa ya kusafishia kabureta. Jeti hukaa humo usiku kucha nikipata nafasi. Haraka haisaidii hapa.

Boxer ya mwalimu ilipotolewa, petroli ilikuwa bado na rangi yake, imefifia kidogo. Iliwaka kwa kiki, si ya kwanza, lakini iliwaka. Kijana alikuwa amesimama pale pale. Akaniuliza ile chupa inauzwa wapi.

Sasa, kabla hujakimbilia Kirinyaga Road, sikiza kwanza. Ukiingia maduka ya spea kule, ambako wazee bado wanapaita Grogan, ukasema unataka dawa ya petroli, utapewa chupa tatu tofauti na muuzaji ataapa kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Ile ya kusafisha injekta, yaani kifaa kinachopuliza petroli kwenye injini zisizo na kabureta, kazi yake ni kuondoa uchafu uliokwisha kushika. Ile ya kuongeza okteni inazuia injini kugonga, na haina habari na petroli inayozeeka. Inayotakiwa ni stabilaiza, ambayo ndani yake kuna kemikali za kuzuia oksijeni isiunganishe vile vipande vya petroli kuwa gundi. Baadhi zina pia kitu cha kukinga chuma na kutu. Soma chupa itafute ahadi ya kuhifadhi, kwa miezi. Kama haisemi miezi, irudishe kwenye rafu. Na za barabarani, zile zinazouzwa pamoja na pedi za breki na miwani ya jua, mimi nimeacha kabisa. Moja niliyoifungua ilinuka mafuta ya taa.

Kipimo nacho kina mambo. STA-BIL ile nyekundu, ambayo wateja kutoka Marekani huja nayo, imepimwa mililita 30 kwa lita tisa na nusu hivi, yaani kama 3 kwa kila lita, na wenyewe wanasema inalinda hadi miezi 24. Sea Foam, dawa nyingine, kwa kuhifadhi inatakiwa zaidi sana, mililita 15 au 16 kwa lita. Kwa tangi la lita 11, hiyo ya kwanza ni mililita 35 hivi na ya pili inapita 170. Mtu akichukua kipimo cha chupa moja akakitumia kwa nyingine, ama ametia kidogo kisichosaidia ama amemwaga pesa. Mimi nina sindano ya mililita 20 niliyonunua duka la dawa, bila ncha, na ninaandika kwenye kipande cha kadibodi kinachofungwa kwenye usukani: tarehe, dawa gani, kiasi gani. Miezi 24 ya kwenye chupa, chini ya mabati ya Dagoretti, mimi huichukua kama mwaka mmoja na kidogo.

Jambo ambalo video nyingi hulitaja haraka ndilo ninalolishikilia zaidi: dawa hii haifufui petroli iliyokufa. Inatiwa kwenye petroli mbichi, siku ile ile. Mteja akiniletea pikipiki yenye petroli ya miezi miwili tangini halafu anipe chupa, ninaitoa kwanza. Kisha ninatia dawa tangini nikiwa na tangi karibu tupu, tunaenda sheli, petroli mpya inaingia kwa nguvu ikiichanganya. Halafu tunaiendesha. Hapo ndipo watu wanaruka. Wanatia dawa, wanafunga kifuniko, wanafunika pikipiki kwa turubai, na ndani ya kabureta bado kuna petroli ya jana isiyo na dawa yoyote. Dakika kumi za kuendesha, mpaka Junction na kurudi, zinatosha kuifikisha kila mahali.

Kuhusu kujaza tangi, kuna mabishano kila mwezi, hasa karibu na tarehe 14, EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, inapotangaza bei mpya zinazoanza kesho yake. Mteja anataka kungoja bei ishuke. Au anataka kujaza usiku huo huo kabla haijapanda. Au anataka kuacha lita mbili tu, kwa sababu haoni maana ya kununua petroli ambayo haendi nayo popote, na pia, hili halisemwi kwa sauti, anafikiri mlinzi ataifyonza. Namwelewa. Lakini tangi la chuma lililo nusu linapumua. Mchana mabati yanapata moto, hewa inatanuka inatoka kwa kitundu cha kifuniko. Usiku baridi inaingia, hewa mpya yenye unyevu inavutwa ndani. Unyevu huo unageuka matone kwenye chuma kilicho wazi juu ya petroli, kutu inaanza, na maji yanazama chini kwa sababu ni mazito kuliko petroli. Yakizama yanakaa pale pale koki inapochukulia. Tangi lililojaa halina nafasi ya kufanya mchezo huo. Ama lijae, ama litolewe kabisa likaushwe na kupakwa oili ndani. Nusu ndiyo mbaya. Kwa upande wa mlinzi, funguo za kibanda ninazo mimi, na jiko la chai nimelihamishia mbele, maana petroli nyingi namna hiyo haikai nyumba moja na makaa.

Maji hayo stabilaiza ya kawaida haiyaondoi. Mvua za masika zikipita kwenye kifuniko chenye raba iliyochoka, hakuna chupa itakayokusaidia. Ni kumwaga na kukausha. Wageni kutoka Ulaya ndio wanaoogopa maji zaidi, na wana sababu. Petroli yao nyingi ina ethanoli, yaani aina ya pombe. Uingereza, kwa mfano, iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida kuanzia Septemba 2021, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hupenda maji. Ikishayanywa ya kutosha, inajitenga na petroli na kuzama nayo chini. Ndiyo maana chupa nyingi za kwao zimeandikwa ethanoli kwa herufi kubwa. Kenya nayo iliwahi kuchanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli miaka ya 1980, kisha mpango ukaachwa.

Ugonjwa wetu wenyewe ulikuwa mafuta ya taa. Yalipokuwa rahisi sana kuliko petroli, watu waliyachanganya, mpaka Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Mimi bado nina mazoea ya zamani: tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka na kwenda zake. Ikiacha doa la mafuta, hiyo sikubali ilale kwenye tangi la mtu, na stabilaiza hata ya bei gani haiwezi kuyatoa mafuta ya taa ndani yake. Kwa pikipiki inayolala ninajaza sheli moja tu, yenye magari mengi yanayoingia na kutoka, kwa sababu petroli yao haikai chini ya ardhi kwa muda mrefu.

Sasa niseme lile ambalo wauza chupa hawatalipenda. Kwa pikipiki ya kabureta, kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu, singechagua dawa. Ningefunga koki, niiache injini ikae ikinguruma mpaka ijizime yenyewe kwa kukosa petroli, halafu nilegeze ile skrubu ya chini ya bakuli ili kilichobaki kitoke. Kwa sababu hata injini ikizima, kuna kidogo kinachobaki chini, na hicho kidogo ndicho kinachokauka kuwa gundi. Kuna mafundi wanaosema kabureta kavu inakausha raba na gasketi. Inawezekana kwa miaka, lakini gasketi ni shilingi chache na jeti iliyoziba ni siku nzima ya kazi.

Injini za injekta ni habari nyingine. Himalayan, KTM, BMW za wasafiri za siku hizi, hazina bakuli la kumwaga, na pampu inakaa ndani ya petroli kwenye tangi. Huko dawa ndiyo kinga yenyewe. Tangi linajaa, dawa inatiwa kwa kipimo, injini inaendeshwa, basi. Wenye pikipiki hizo sibishani nao kuhusu bei ya chupa. Pampu moja ya BMW, kuagiza na ushuru wake, ingenunua chupa za kutosha ukoo mzima.

Na kuhusu lile agizo la kuwasha kila wiki. Mama wa yule kijana wa Boxer, kijana alipoondoka tena, alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa kuniuliza kama nimeiwasha. Amelelewa kuamini kwamba kitu kisichotumika kinakufa, na sikutaka kumvunjia heshima.

"Mama, nikiiwasha dakika tano naiumiza."

"Unaiumiza vipi, na si inanguruma?"

Nikamwonyesha ekzosi ya pikipiki nyingine iliyokuwa imewashwa asubuhi hiyo, maji yakidondoka kutoka mwishoni. Injini ikichoma petroli inatoa mvuke wa maji. Ikipata moto vizuri barabarani, mvuke unatoka wote. Ikizimwa baada ya dakika chache, unabaki ndani ya ekzosi na ndani ya oili, na betri imetumika kuwasha bila kupata muda wa kurudishiwa. Kwa hiyo ama mtu aipande nusu saa mpaka Ngong, ama aiache ilale. Akafikiri kidogo, akasema basi atamwambia mdogo wake yule kijana aje aipeleke Ngong. Nikamwambia huyo mdogo hana leseni. Mambo yakaishia hapo, na pikipiki ikalala.

Mengine ninayafanya haraka bila hotuba. Oili inabadilishwa kabla ya kulala, si baada ya kuamka, kwa kuwa oili chafu ina asidi. Betri inatolewa na kuchajiwa mara moja moja. Ekzosi inazibwa kwa kitambaa kwa sababu ya panya, ambao Dagoretti wanapenda waya za Wachina na za Wajerumani bila ubaguzi.

Mwenyewe akirudi, ananiletea mabishano ya mwisho: petroli iliyolala itumike au imwagwe? Kama kadibodi ya usukani inasema chini ya mwaka, na kwenye chupa ya glasi bado ni nyepesi na inanuka petroli, ninaacha robo tangi na kujazia mpya juu yake. Ikiwa imegeuka rangi, inatoka yote, na simpi mtu wa jenereta hata akiniomba. Inaingia kwenye kopo langu la kuoshea minyororo. Chupa ya dawa analipa mwenye pikipiki, na iliyobaki anaondoka nayo. Kumwaga kabureta sitozi. Jana kuna mmoja alitaka nimpunguzie kwa sababu mililita zake hazikuisha. Nikampa sindano apime mwenyewe.